Gitaa Kavu Pwani: Kutambua Madhara ya Unyevu na Kuyatibu

Masika yakishaingia, kati ya Machi na Mei, malalamiko ya wapiga gitaa wa Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa hufanana. Nyuzi zimepanda mpaka vidole vinauma. Sauti imefunga. Gitaa halikai kwenye tyuni hata wimbo mmoja. Huyu anabadili nyuzi, yule anampelekea fundi achonge kijiti cha darajani (kile kinachobeba nyuzi juu ya daraja, kipande cha mbao kilichogundishwa usoni mwa gitaa), na mwingine anaamua kwamba aliuziwa gitaa bovu. Mara nyingi chanzo ni kimoja: mbao zimekunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Mpaka ziutoe unyevu huo, matengenezo yoyote ni ya kubahatisha, na yale ya msasa hayarudishiki. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu huu: pima hewa, kausha gitaa polepole, liache litulie, ndipo ushike bisibisi.

Kinachotokea ndani ya mbao

Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huiacha mbao na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake. Unyevu ukifika asilimia 80, maji ndani ya mbao hukaribia asilimia 16. Watengenezaji kama Martin na Taylor hushauri magitaa yao yakae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Pwani yetu, asubuhi za masika, hewa hukaribia asilimia 90.

Mbao huvimba kwa upana; kwa urefu karibu haibadiliki. Uso wa gitaa ni ubao mwembamba, milimita 2.5 hadi 3 hivi, uliogundishwa kingo zote. Ukitaka kupanuka hauna pa kwenda isipokuwa juu, na ukipanda hulibeba daraja pamoja na nyuzi. Ni sawa na mlango wa mbao unaogoma kufunga masika na kufunga bila shida Januari, ila mlango haukufungiwa nyuzi za chuma zinazovuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70.

Wengi hawajui kwamba vanishi hupakwa nje tu. Ndani ya gitaa mbao iko wazi, na unyevu huingia kupitia tundu la sauti. Kufuta nje kila siku ni usafi mzuri, lakini hakuzuii uvimbe. Kinga yoyote ya kweli lazima ishughulikie hewa iliyomo ndani ya boksi.

Tazama pia ukingo wa tundu la sauti. Ukiona mistari ya mbao ya juu inateremka moja kwa moja kwenye ukingo, uso ni ubao mmoja, na gitaa lako litapanda na kushuka na misimu. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Plaiwudi huvimba kidogo kuliko ubao mmoja, lakini unyevu wa muda mrefu huachanisha matabaka na gundi ya ndani.

Pima hewa kabla ya kulaumu gitaa

Nunua haigromita (kipima unyevu wa hewa) ndogo ya dijitali, ile isiyozidi kiberiti kwa ukubwa. Za bei nafuu hukosea, tena kwa pointi tano au zaidi, kwa hiyo ijaribu kwanza. Jaza chumvi ya mezani kwenye kisoda, tone maji kidogo mpaka chumvi ilowe bila kuyeyuka, kisha ifungie pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa zipu au chombo chenye mfuniko unaobana. Viache usiku kucha. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hukaa kwenye asilimia 75, chumba kiwe na joto la Mombasa au la Nairobi. Kifaa kikisoma 80, kumbuka kutoa tano kila usomapo. Jaribio hili halina gharama, na nalipendelea kuliko maelezo yoyote yaliyoandikwa kwenye boksi la kifaa.

Baada ya hapo iweke haigromita ndani ya kasha, karibu na kichwa cha gitaa, uangalie kwa siku kadhaa. Ikikaa chini ya 60, tafuta sababu nyingine ya tatizo lako. Ikikaa juu ya 70, una jibu.

Dalili: nyuzi zimepanda, kubonyeza kunauma

Hii ndiyo dalili kuu, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Chukua rula ya chuma yenye alama za nusu milimita. Gitaa likiwa kwenye tyuni, simamisha rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) upime nafasi kati ya kichwa cha freti na uzi. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2.5 kwenye uzi mnene na 1.8 hivi kwenye uzi mwembamba ni hali ya kawaida. Kwa nyuzi za nailoni, 4 na 3 hazitishi. Ukikuta 3.5 na kuendelea kwenye gitaa la chuma, kuna kilichosogea, na kazi yako ni kujua ni nini.

Anza na shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, kisha tazama freti ya 7. Kati ya uzi na freti hiyo pawepo nafasi ndogo, kiasi cha karatasi mbili au tatu za daftari. Ikiwa nafasi ni kubwa kuliko hapo, shingo imepinda kwenda mbele. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo, inayokazwa kwa ufunguo kupitia tundu la sauti au kichwani. Gitaa likishakauka, legeza nyuzi kidogo, zungusha robo ya mzunguko tu kuelekea mkono wa saa, rudisha tyuni, pima tena kesho yake. Ikigoma kuzunguka, acha. Fimbo iliyokatika ndani ya shingo ni msiba wa gharama. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana fimbo hiyo kabisa, kwa hiyo usihangaike kuitafuta.

Shingo ikiwa sawa na nyuzi bado ziko juu, angalia uso. Laza rula juu ya uso, nyuma ya daraja, kwa upana wa gitaa. Itaegemea katikati na kuacha nafasi pembeni. Hapa watu hushtuka bure, kwa sababu magitaa mengi hutengenezwa na mwinuko kidogo makusudi. Linalohesabika ni mabadiliko. Kwa hiyo pima gitaa lako wakati hewa ni nzuri, andika namba kwenye karatasi, ibandike ndani ya kasha. Masika utakuwa na cha kulinganisha.

Kipimo cha tatu ni cha pembe ya shingo. Laza rula ndefu juu ya freti, katikati, ielekee kwenye daraja. Ncha yake inatakiwa kugusa juu ya daraja au kupita juu yake kidogo tu. Ikigonga ubavu wa mbele wa daraja, ama uso umepanda ama shingo imevutwa na nyuzi. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo gitaa likiwa bado limelowa. Likaushe kwanza. Likishakauka na rula bado inagonga chini, hiyo ni kazi ya fundi: shingo ing'olewe na kuwekwa upya.

Sasa, kuhusu msasa. Ukimpelekea fundi gitaa lililovimba, njia nyepesi kwake ni kuchonga kijiti cha darajani ili nyuzi zishuke. Zitashuka, nawe utafurahi hadi Januari. Uso ukishakauka na kurudi chini, nyuzi zitalala juu ya freti na kila noti italia kwa mikwaruzo. Kama huwezi kusubiri, labda una kazi ya kupiga kanisani au hotelini kila wiki, mwambie fundi akutengenezee kijiti cha pili kilicho kifupi na akuachie kile cha kwanza bila kukigusa. Vijiti viwili kwa misimu miwili ni utaratibu wa heshima kabisa, na kukibadili ni kulegeza nyuzi, kuchomoa na kuchomeka.

Namna ya kukausha

Weka gitaa kwenye kasha gumu linalofunga vizuri, shusha nyuzi toni moja nzima, kisha weka silika jeli, zile punje za kwenye vipakiti vya viatu vipya. Vipakiti vya viatu vyenyewe havitoshi. Vingi vimeshajaa maji kabla hujavipata. Tafuta punje zinazouzwa kwa kilo, za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikijaa. Za bluu zinazogeuka pinki hutiwa rangi ya kobalti, ambayo ni sumu. Sizipendi ndani ya nyumba yenye watoto. Gramu 100 hushika maji kama robo ya uzito wake. Zitie kwenye soksi safi mbili: moja ining'inie ndani ya tundu la sauti, nyingine ikae karibu na kichwa.

Soma haigromita kila siku. Lengo ni kushuka taratibu hadi 50 au 55 na kukaa hapo. Punje mpya katika kasha linalobana zinaweza kuiteremsha hewa chini ya 40, na hapo uso unaweza kupasuka, kwa hiyo ikifika 45 ondoa soksi moja. Kuzikausha punje za chungwa, ziweke kwenye oveni kwa nyuzijoto 120 kama saa mbili. Bila oveni, zitandaze kwenye sufuria juu ya moto mdogo, ukizigeuza mpaka rangi irudi.

Gitaa lililolowa msimu mzima halikauki kwa siku mbili. Lipe wiki mbili hadi tatu kabla ya kupima nyuzi upya.

Mkaa hupunguza harufu, unyevu kidogo sana. Mchele haufai kabisa: uliokaa kwenye chumba chenye unyevu umeshashiba unyevu huohuo, tena hualika wadudu. Makopo ya kunyonya unyevu yanayouzwa supamaketi kwa ajili ya kabati hugeuka maji ya chumvi yanapofanya kazi, na maji hayo yakimwagika hula chuma. Yasiingie kwenye kasha kamwe. Pakiti za pande mbili, zinazonyonya unyevu na kuutoa, kama Boveda za asilimia 49 ni nzuri, mradi kasha linabana. Ndani ya begi la kitambaa zitavimba kwa maji upesi, maana hewa ya nje haina kikomo.

Asiye na kasha gumu atumie kabati dogo la nguo lenye mlango unaofunga. Weka chini kabisa balbu ya zamani, ile inayotoa joto, ya wati 15 hadi 25, ikiwa mbali na nguo na mbali na gitaa, ndani ya kikapu cha waya ili isigusane na kitu. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ukipandisha joto la kabati kutoka nyuzijoto 28 hadi 32, unyevu wa asilimia 80 hushuka hadi 64 hivi bila hata tone moja kuondolewa. Si bora kama silika, lakini ukungu hautaota.

Usilianike gitaa juani, usilipulizie mashine ya kukaushia nywele, usilisogeze jikoni. Gundi nyingi za mbao huanza kulegea nyuzijoto zikikaribia 60, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hufika huko.

Dalili: daraja linanyanyuka

Ingiza ukingo wa karatasi chini ya daraja, upande wa nyuma. Ikipita zaidi ya milimita moja au mbili, legeza nyuzi siku hiyohiyo. Unyevu na joto vimelegeza gundi, na kila saa ya kuvutwa huongeza mwanya na huweza kung'oa nyuzinyuzi za mbao za uso. Usimimine supa gluu kwenye mwanya. Haitashika vizuri kwenye mbao yenye gundi kuukuu, na itamzuia fundi kugundisha ipasavyo baadaye. Daraja hung'olewa lote, gundi ya zamani hukwanguliwa, hugundishwa upya na kubanwa kwa klempu. Fundi asiye na klempu za kuingia kupitia tundu la sauti hajajiandaa kwa kazi hii.

Dalili: sauti imefunga, tyuni inakimbia

Mbao yenye maji ni nzito na humeza mtetemo. Besi huwa zito, noti za juu hufa mapema. Kama nyuzi ni mpya na bado sauti imefunga, subiri ukaushaji; hakuna dawa nyingine.

Tyuni ina mambo mawili. Gitaa likipanda tyuni lenyewe usiku, juu kidogo kwa nyuzi zote, uso umevimba na kuzivuta. Lakini kama nyuzi wazi ziko sawa na freti ya 12 inasoma juu kwenye tyuna, sababu ni urefu wa safari ya uzi hadi kwenye freti: unapoubonyeza kutoka juu sana, unauvuta na noti inapanda. Ukishusha nyuzi kwa njia sahihi, tatizo hili huondoka lenyewe.

Dalili: mlio wa kitu kilicholegea

Masika nyuzi hupanda, kwa hiyo mikwaruzo ya freti hutarajiwa kupungua. Ukisikia mlio wa kutetema msimu huo, shuku mataruma, vile vijiti vya ndani vinavyoshikilia uso na mgongo. Gonga uso na mgongo taratibu kwa kifundo cha kidole, ukisogea kidogo kidogo. Palipoachia hutoa mlio mkavu wa kupasuka. Legeza nyuzi, ingiza simu nyembamba au kioo kidogo kwenye tundu la sauti, washa tochi, piga picha. Picha hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo yako yote. Angalia kwanza vitu vidogo, hata hivyo: nati ya mashine ya kukazia nyuzi iliyolegea, au ncha ya uzi inayogusa kichwa.

Kutu, nyuzi nyeusi, freti za kijani

Hewa ya bahari ina chumvi, na jasho lina chumvi. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, pitisha fulana kuukuu ya pamba juu na chini ya kila uzi. Nyuzi zilizofunikwa utando mwembamba wa plastiki ni ghali, lakini kwa anayeishi Kigamboni au Nyali naona zinarudisha pesa yake. Uzi ulioshika kutu usiukwangue. Badilisha, maana kutu inatafuna freti.

Mashine za kukazia nyuzi zenye meno yaliyo wazi zipe tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti cha meno. Zilizofunikwa, ziache. Kutu ya kijani kwenye freti hutoka kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, ukiwa umeifunika mbao kwa utepe wa karatasi.

Ukungu na harufu ya stoo

Ukungu hupenda unyevu wa zaidi ya asilimia 70 unaodumu. Ukiuona kwenye gitaa, karibu kila mara shina lake liko kwenye kasha au begi: sponji iliyolowa mvua juu ya bodaboda, ikafungwa hivyohivyo. Toa gitaa nje mahali penye kivuli na upepo, funika pua, futa kwa kitambaa kikavu. Palipobaki alama, tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana na kukamuliwa, kisha kausha mara moja. Spiriti usiiguse kama gitaa ni la zamani la klasiki, kwani huenda limepakwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani, na spiriti huiyeyusha. Ndani usiingize maji. Tumia brashi laini kavu.

Kasha ndilo lianikwe juani, likiwa wazi, siku nzima, hata mbili. Harufu ikirudi baada ya hapo, badilisha kasha. Na usilaze gitaa chini ya kitanda juu ya sakafu ya saruji, wala kulitundika kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua.

Vumbi laini kama unga chini ya gitaa, na vitundu vidogo, ni bungua. Litenge na vyombo vingine vya mbao, ulipeleke kwa fundi upesi.

Kiyoyozi, na safari za bara

Kiyoyozi huondoa maji hewani, na chumba kilichopozwa muda wote ni makazi mazuri. Tatizo ni kile kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi, au kinachokatika na umeme. Gitaa lililotundikwa humo huvimba na kusinyaa kila siku. Hata ukiwa na kiyoyozi, lihifadhi kwenye kasha. Ukilitoa kwenda nje, usifungue kasha kwa nusu saa hivi. Mbao baridi ikikutana na hewa ya pwani, umande hutanda juu yake na ndani yake.

Gitaa lililozoea Dar es Salaam likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi hupata kinyume cha yote niliyoeleza: uso unashuka, nyuzi zinalala, ncha za freti zinachomoza pembeni na kukwaruza kiganja. Hali ni kali zaidi kwa ndugu zetu wanaolibeba hadi Toronto au Minneapolis, ambako hita za majira ya baridi hukausha nyumba kupita kiasi. Toa silika yote kabla ya kusafiri. Ukifika, liache ndani ya kasha siku ya kwanza, fungua kwa muda mfupi siku zinazofuata, na haigromita ikisoma chini ya 40 weka kwenye kasha sponji iliyolowa na kukamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa. Fimbo ya shingo usiiguse mpaka gitaa limekaa huko wiki mbili.